Kukadiria si Kubahatisha

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wa idara ya sanaa, wageni waalikwa, na ninyi wanangu wanafunzi ambao naona wengi wenu mmekuja ukumbini na rangi bado mikononi, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Barua ya mwaliko niliyoipokea iliniomba nieleze jinsi mtu ambaye hakuketi katika darasa lolote la uchoraji anavyoweza kuchora picha za kidhahania, yaani zisizoiga umbo la kitu chochote, kwa hisia tu. Naishukuru barua hiyo kwa dhati, lakini neno lake la mwisho, hilo "tu", limenisumbua tangu siku niliyoisoma, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili ambayo watu huniambia kila picha zangu zinapotundikwa mahali. Wa kwanza huniambia kwamba nimejaliwa kipaji na kwamba mkono wangu unaongozwa na kitu nisichokijua mwenyewe. Wa pili, ambao huwa na heshima ya kusubiri nigeuke ndipo waseme, huambiana kwamba hata mtoto wa chekechea angeweza kumwaga rangi namna ile. Wote wawili wanakubaliana katika jambo moja, nalo ni kwamba sijui ninachokifanya. Nimekuja kuwaeleza kwamba ninajua, ingawa ujuzi wenyewe ni wa aina ambayo hauandikiki kwa urahisi, na kwamba Kiswahili kina neno lake tangu zamani. Neno hilo ni kukadiria.

Mama yangu, aliyenizaa na kunilea Pangani, hajawahi kupima maji ya wali kwa kikombe. Hutumbukiza kidole sufuriani, maji yakifika pingili anayoitaka juu ya mchele, hufunika. Ukimwuliza ametia chumvi kiasi gani hujibu kwamba amekadiria, na hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kusema kwamba mama amebahatisha. Maneno hayo mawili hatuyachanganyi tunapozungumzia wali, ila tukifika kwenye picha tunayachanganya mara moja. Mwenye kubahatisha akikosea hajui kosa liko wapi, na akipata hajui amepataje. Mwenye kukadiria akikosea anajua kwamba amekosea, tena anajua amekosea upande gani, chumvi imepungua au imezidi, moto ulikuwa mkali au ulikuwa hafifu, na kesho yake mkono wake unarudi nyuma kidogo bila kuambiwa. Mengine yote nitakayoyasema asubuhi hii yametoka hapo.

Kazi iliyonileta Dar es Salaam nikiwa na miaka 17 ilikuwa kupiga rangi magari, katika gereji moja ya uchochoroni ambayo sasa haipo. Niliifanya kwa miaka 14. Huenda wengine wenu mnadhani ni kazi ya kupuliza tu, kwa hiyo niruhusuni niieleze kidogo. Gari linaletwa likiwa limekwaruzwa mlango mmoja. Mwenye gari hataki kulipia gari zima, anataka mlango ule mmoja urudi kama ulivyokuwa, na usitofautiane na boneti ambayo imepigwa jua la pwani kwa miaka kumi. Namba ya rangi ya kiwandani inakuambia gari lilikuwa na rangi gani siku lilipozaliwa, wala haikuambii jua limeifanya nini tangu siku hiyo. Kwa hiyo fundi huchukua kopo, akaanza kuchanganya kwa jicho. Nyeupe ya gari kamwe si nyeupe. Ina matone ya nyeusi, ina njano kidogo, mara nyingine ina wekundu, na usipoyatia hayo mlango utang'aa peke yake kama jino la bandia.

Fundi aliyenipokea hakuwa mtu wa maneno. Nilikuwa nachanganya, nampelekea kijiti chenye rangi, naye anakitazama na kusema "ina wekundu", kisha anaendelea na msasa wake. Mimi nilikuwa natazama rangi nyeupe kabisa na siuoni wekundu wowote. Iliendelea hivyo kwa muda mrefu, zaidi ya mwaka, mpaka asubuhi moja nikakitazama kijiti kabla ya kumpelekea na nikauona wekundu ule waziwazi kama damu kwenye pamba. Rangi haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni jicho langu, na tangu siku hiyo sijaweza kutouona. Alinifundisha pia kutoiamini rangi iliyo chini ya paa, maana rangi mbili zinaweza kulingana kabisa chini ya taa ya tyubu na zikaachana vibaya mkizitoa juani, na alinifundisha kwamba rangi mbichi na rangi iliyokauka ni rangi mbili, kwa hiyo anayechanganya lazima aione ile ambayo bado haijafika. Naomba mlikumbuke hilo la mwisho, kwa sababu watu wanapouliza hisia ni nini katika uchoraji, mimi hufikiria kijiti kibichi mkononi na mlango mkavu utakaokuwepo jioni.

Katika gereji ile palikuwa na kipande cha hadibodi kilichoegemezwa ukutani kwa ajili ya kujaribia. Kila mchanganyiko ulipakwa pale kwanza, mpako juu ya mpako, miaka na miaka, na hakuna aliyekitazama kama kitu. Siku moja ya mvua za masika kazi ilisimama, nikakaa juu ya debe nikikiangalia kile kipande kwa kukosa la kufanya. Karibu na chini palikuwa na kijivu chenye kijani, kimezibwa nusu na krimu ya teksi, na juu yake mpako mmoja wa rangi ya kutu uliokatika ghafla pale brashi ilipokauka. Sikumbuki nilikaa muda gani. Nakumbuka kwamba kilikuwa kimetulia, hakuna sehemu iliyokuwa ikiitisha sehemu nyingine, na kwamba nilitamani kisiguswe. Kisha, kama mjuavyo vijana walivyo, nikachukua brashi nikaongeza mstari mmoja wa njano, na kile kipande kikafa pale pale.

Nimewasimulia habari hii kwa sababu wanaopenda kunisifu huishia kwenye ile krimu na ile kutu, wakasema ndipo nilipogundua kipaji. Sikugundua kipaji chochote. Ule ubao ulikuwa bahati, kazi ya mikono mitano ambayo haikuwa na nia ya kuchora, na mstari wangu wa njano ulikuwa ni kubahatisha. Kukadiria kulikuja baadaye, kulichukua miaka sita au saba ya kuharibu mbao za mabaki usiku, na kulianza na swali dogo ambalo sikuweza kuliacha: kwa nini njano ile, ambayo kwenye kopo ilikuwa nzuri, iliua kila kitu kilichoizunguka?

Kuna kikwazo kimoja ambacho sina budi kukiondoa njiani. Mtu akisimama mbele ya picha ya kidhahania, swali lake la kwanza ni "hii ni picha ya nini?", na akikosa jibu hudhani amedhulumiwa. Swali hilo hatuliulizi nyumbani. Mama yangu anasuka mikeka. Anachana ukindu, anachemsha chane katika masufuria ya rangi, zambarau hapa, kijani kule, nyingine anaziacha na rangi yake ya asili, kisha anasuka ukili mrefu na kuushona ukili kwa ukili mpaka mkeka umetimia. Njiani anaamua wapi zambarau irudi na wapi ipumzike, na nimewahi kumwona akifumua kazi ya siku mbili kwa sababu rangi mbili "zinapigana". Mgeni anakaribishwa akae juu ya mkeka ule na kuusifu bila kuuliza ni mkeka wa picha ya nini. Kusini, mafundi wa Kimakonde wana mtindo wa kuchonga wanaouita mawingu, ambamo mpingo unapindwa na kutobolewa mpaka hauna tena mtu wala mnyama, kuna mkunjo, uwazi na uzito tu, na jina lenyewe linatosha kueleza walichokuwa wakikitazama, maana wingu nalo haliwakilishi kitu. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba sanaa dhahania ni ya wageni, mimi hukubali kwamba jina ni la wageni, na makumbusho nayo. Jicho la kuitazama tunalo, isipokuwa tumezoea kulilaza sakafuni na kulikalia.

Turudi kwenye ubao. Hadibodi huuzwa kwa shiti ya futi nne kwa nane, na seremala akikukatia vipande vya futi mbili kwa mbili unapata vinane bila kutupa kitu. Ukubwa huo, ambao ni kama sentimita 60 kwa 60, ndio wa picha nyingi za Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru ambaye naye hakusomea sanaa, aliyeanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli, na ambaye alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Sidai kwamba mtindo wangu unatokana na wake. Yeye alichora wanyama na ndege waliokaa imara katikati ya ubao, mimi sijawahi kuchora hata kuku. Lakini ubao ni ule ule na rangi ni ndugu, na mtu yeyote aliyeishika rangi hiyo anajua ina tabia zake. Hujisawazisha yenyewe, ikafuta alama ya brashi. Ukiirudia juu ya mpako ambao haujakauka vizuri hukunjamana kama ngozi ya maziwa. Ukiichelewesha sana, mpako mpya unakataa kushika mpaka upitishe msasa. Huwezi kuichora kwa hasira wala kwa haraka, na mtu anayeniambia kwamba mimi hujiachia tu na kuifuata hisia, ningependa ajiachie mbele ya kopo la rangi ya mafuta siku yenye unyevunyevu wa Desemba aone litakavyomjibu.

Rangi ya aina hiyo ilitumiwa pia na mwanamke mmoja ambaye ningetaka mumfahamu kuliko mnavyonifahamu mimi. Janet Sobel alizaliwa mwaka 1893 katika nchi ambayo leo ni Ukraine, akahamia Marekani mwaka 1908, akaolewa na kulea watoto wake jijini New York, na hakuanza kuchora mpaka alipokaribia miaka 45 au zaidi kidogo, bila mwalimu. Alikuwa akidondosha na kumimina rangi ya enameli juu ya turubai iliyolazwa, akaiinamisha ili itiririke, akaipuliza, na picha yake ya mwaka 1945 aliyoiita Milky Way, yaani kwa jina la ule mkanda mweupe wa nyota unaokatiza anga usiku, ipo katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York. Jackson Pollock, mchoraji wa Marekani ambaye jina lake limekuja kuwa ndilo jina la rangi iliyodondoshwa, alikuwa ameziona picha za Sobel kabla ya zile zilizompa umaarufu, na mhakiki Clement Greenberg aliyekuwa naye alikiri hilo kwa maandishi miaka mingi baadaye. Alivyomtambulisha Sobel katika maandishi hayo ni kwamba alikuwa mama wa nyumbani wa Brooklyn. Hilo lilikuwa kweli, kama ilivyo kweli kwamba mimi ni fundi gereji, lakini Pollock hakutambulishwa kwa kazi alizozifanya nyumbani kwake.

Nami nimeonja kidogo cha chungu hicho. Katika onyesho moja la pamoja, sitasema la wapi, kila msanii alibandikiwa karatasi ndogo pembeni ya picha yake. Za wenzangu zilieleza walichokuwa wakikitafuta, mwanga, kumbukumbu, mipaka, na kadhalika. Yangu ilisema nilikuwa fundi wa rangi za magari na kwamba nimejifundisha mwenyewe. Niliisoma mara tatu kutafuta ile picha ndani yake. Neno "aliyejifundisha mwenyewe" halina tusi, lakini huwa linafunga mlango kwa adabu, maana likishasemwa hakuna anayeuliza amejifundisha nini. Tena si kweli. Mimi nilifundishwa na fundi asiyesema na mama anayefumua ukili, na kila mmoja alikuwa mkali kuliko chuo chochote. Afadhali Sane Wadu wa Kenya, mwalimu aliyeacha ualimu ili achore, watu wakamwita mwendawazimu, naye akajibu kwa kujipa jina la Sane, yaani mwenye akili timamu, na picha zake zikaendelea kutoka chini ya jina hilo mpaka leo.

Kuna mfano mmoja ambao hunisaidia kila ninapoulizwa kama kuchora haraka ni kuchora ovyo. Emily Kame Kngwarreye alikuwa mwanamke wa watu wa asili wa Australia, aliyezaliwa yapata mwaka 1910 katika eneo linaloitwa Utopia, katikati ya jangwa. Alianza kuchora kwa rangi za akriliki juu ya turubai mwaka 1988 hivi, akiwa na miaka inayokaribia 80, na alipofariki mwaka 1996 alikuwa ameacha picha zinazokadiriwa kufikia 3,000. Ukigawanya, ni kama picha moja kila siku kwa miaka minane. Mwaka 1995 alichora turubai lenye urefu wa mita nane na kimo cha karibu mita tatu, mistari myeupe juu ya weusi inayopishana na kurudi bila kukatika, akiwa ameketi juu yake, na aliimaliza kwa siku mbili. Wageni waliandika kuhusu jambo hilo kama muujiza. Lakini mistari ile ni mizizi ya kiazi kikuu cha jangwani, kinachopasua ardhi kinapokomaa, na jina lake mwenyewe, Kame, ni la mbegu ya kiazi hicho. Mistari hiyo alikuwa ameichora kwenye vifua na mabega ya wanawake wenzake katika sherehe zao tangu ujana, kisha kuanzia mwaka 1977 akaichora kwa nta juu ya vitambaa vya batiki kwa zaidi ya miaka kumi. Turubai ndilo lililokuwa jipya. Mkono ulikuwa na miaka 60 kazini. Ninapoitazama picha ile, hata katika chapa ya kitabu, naona mtu asiyehitaji kusita kwa sababu kusita kote alishakumaliza zamani.

Hata walioenda shule walikuwa hivyo. Wassily Kandinsky, msomi wa sheria aliyeacha kazi ya ualimu wa chuo kikuu na kwenda Munich kusomea uchoraji akiwa na miaka 30, alichora mwaka 1913 picha kubwa ya mita mbili kwa tatu ambayo ukiitazama utaapa kwamba ililipuka. Aliichora kwa siku zipatazo nne za mwisho wa Novemba. Kabla yake alikuwa ametengeneza michoro ya maandalizi zaidi ya 30.

Sasa nieleze ninavyofanya kazi, maana najua ndicho mlichokijia. Siuanzi ubao ukiwa mweupe. Naupaka mabaki ya makopo, rangi yoyote, nikauacha ukauke kwa siku kadhaa, kwa sababu ubao mweupe hunifanya niwe na adabu mno. Kisha nachagua rangi nne, na nikishazichagua sitii ya tano mpaka ubao wenyewe unilazimishe. Mpako wa kwanza hauna maana kubwa. Uamuzi huanza na mpako wa pili, maana huo tayari lazima umjibu wa kwanza, na wa tatu una wawili wa kuwajibu, na kadiri ninavyoendelea uhuru wangu unapungua, mpaka mwishoni panabaki mahali pamoja na rangi moja tu inayoweza kukaa hapo. Watu wanadhani uchoraji wa namna hii ni uhuru mtupu. Uhuru upo asubuhi ya kwanza tu. Baada ya hapo ni kama mtu aliyeanza kusimulia jambo mbele ya wazee, kila sentensi aliyokwisha kuitamka inamfunga.

Muda mwingi sichori. Nina kiti cha plastiki nilichokiweka hatua sita kutoka ukutani, na mke wangu huwaambia wageni kwamba mimi hulipwa kwa kukaa. Naugeuza ubao kichwa chini, naulaza ubavu, nautoa nje juani kama nilivyofundishwa, naurudisha kivulini. Ninachokitafuta kinaweza kuelezwa, ingawa wakati wa kukitafuta sijielezi. Natazama kama jicho langu linakimbilia mahali pamoja na kukwama huko. Natazama kama rangi mbili zina nguvu sawa, maana zikiwa sawa zitapigana. Natazama kingo, kwa sababu kingo zote zikiwa kali picha inakuwa vipande vya vigae, na zote zikiwa laini inakuwa ukungu. Zaidi ya yote nachunga kobe. Nitaeleza: mara nyingine mabaka yanakutana kwa namna ambayo ghafla unaona kobe, au uso, au gari, na ukishamwona kobe hakuna mtu mwingine atakayeona kitu kingine milele. Hapo lazima kobe avunjwe, hata kama sehemu hiyo ilikuwa nzuri, tena hasa ikiwa nzuri.

Kwa kuwa nimetaja uzuri, nikiri kosa langu kubwa. Miaka michache iliyopita nilikuwa na ubao wa futi nne kwa nne, na mteja mmoja aliyepita kibandani akaisifu kona yake ya juu kulia, bluu iliyokuwa imetobolewa na msasa mpaka machungwa ya chini yakachungulia. Alisema kona ile peke yake ingetosha kuwa picha. Tangu siku hiyo sikuigusa kona. Nilichora sehemu nyingine zote ili ziifae kona, nikazipunguza ili kona ing'ae, nikazifuta, nikazirudia, wiki tatu nzima, na ubao ukazidi kuwa kama chumba ambamo wote wamekaa kimya kwa sababu kuna mgeni wa heshima. Mkono wangu ulikuwa ukijua tangu wiki ya kwanza. Kila nilipokaa kwenye kile kiti nilikuwa naikwepa kona kwa macho, na kukwepa kule ndiko kulikokuwa jibu, lakini nilikuwa nimekwisha kuelezwa kwamba ni nzuri na sikutaka kuipoteza. Mwishowe niliipitishia msasa kwa dakika kumi. Picha ilimalizika siku iliyofuata, na mteja aliporudi hakuinunua.

Ndiyo maana sipendi hisia isemwe kama sauti ya ndani inayotuambia la kufanya. Kwangu huwa inaniambia la kutofanya, na huniambia kwa unyonge sana, kama kuchoka kidogo ninapotazama mahali fulani, au kutaka kwenda kunywa chai. Mchoraji anayejifunza hudhani uvivu ule ni uvivu. Mara nyingi ni jicho lililokwisha kuona wekundu kwenye rangi nyeupe, likisubiri mwenyewe akubali.

Mkuu wa Chuo aliniomba nisiwakatishe tamaa wanafunzi wake kwa kuwaambia kwamba shule haina maana, nami sina nia hiyo. Lile swali langu kuhusu njano iliyoua ubao lilinichukua miaka mitatu kulijibu. Niligundua kwa kuharibu mbao nyingi kwamba rangi haina sura yake yenyewe bali hubadilishwa na jirani yake, kwamba njano moja ni tulivu kando ya nyeupe na ni kelele kando ya kijivu chenye kijani, na nilijiona mgunduzi mkubwa. Baadaye mwalimu mmoja aliyekuja kununua picha alinieleza kwamba Josef Albers, msanii na mwalimu wa sanaa, alikuwa amelieleza jambo hilo lote kwa mazoezi ya karatasi za rangi, hatua kwa hatua, na kulichapisha mwaka 1963. Nilicheka, lakini si kwa furaha. Miaka ile mitatu ningeweza kuitumia kwa jambo jingine. Kwa hiyo ninyi mlio na maktaba, isomeni. Mkishayasoma, mtalazimika bado kuharibu mbao zenu, maana kusoma kwamba nyeupe ina wekundu hakujamwonyesha mtu wekundu, ila mtaharibu chache kuliko zangu na mtajua mnatafuta nini.

Swali ambalo huulizwa mwisho, na ambalo mwalimu wenu wa uchoraji ameshaninong'oneza nilipokuwa nikiingia, ni kwamba mtu anajuaje picha imekwisha kama hakuna kitu anachokiiga ili akilinganishe. Sina jibu la jumla. Nina ubao. Nimekuja nao leo, ule mliouona umeegemezwa pale karibu na mlango, na najua wengine mmedhani ni wa kukalia. Nimeufanyia kazi tangu Februari. Una rangi nne, kijivu, kutu, krimu na kijani kilichokaribia kuwa cheusi, na wiki iliyopita nilikuwa na hakika kwamba umekwisha, mpaka nilipoutoa kwenye gari asubuhi hii na jua la uani kwenu likaupiga ubavuni. Upande mmoja una uzito ambao sikuuona kibandani kwangu. Siwaambii ni upande gani, wala siwaambii juu ni wapi. Nitakaa hapa mpaka saa kumi, kiti ninacho, na anayetaka kuja kukaa nami tuutazame, aje.

Ahsanteni sana.